Bekoni imebaki kwenye friji: tuipikie nini usiku?

Mpishi wa Karatu (mleta uzi)

Wakuu, habari za jioni.

Juzi shemeji yangu wa Dar kanipigia simu. Alinunua paketi mbili za bekoni kwa ajili ya wageni, wageni wakala slesi nne asubuhi ya Jumapili wakaondoka. Sasa ni Jumatano, paketi moja iko wazi, nyingine haijaguswa, na ananiuliza: "Shem, hii nyama naipikia nini usiku? Nikiikaanga kama ilivyo, watoto wanaimalizia jikoni na ugali unabaki hauna mboga." Tumeongea dakika ishirini. Nilipokata simu nikaona heri niandike hapa, kwa sababu swali hili naulizwa mara kwa mara, hasa baada ya sikukuu.

Nimekaa miaka tisa jikoni kwenye kambi na hoteli za watalii upande wa Karatu na Arusha. Kule bekoni ni ya asubuhi: mayai, soseji, maharage ya kopo, nyanya ya kuchoma, slesi mbili za bekoni, basi. Kilichobaki hakimrudii mgeni, na sisi wa jikoni ndio tulikuwa tunatafuta namna ya kukigeuza kuwa chakula cha watu kumi na tano wenye njaa ya kazi. Pale ndipo nilipojifunza haya. Leo niko Moshi na familia yangu, na bekoni kwangu inapikwa usiku tu, tena kidogo kidogo.

Jambo ninalotaka mlishike ni hili: bekoni usiihesabu kama kitoweo. Ihesabu kama kiungo. Fikiria dagaa wachache wanavyobadilisha sufuria nzima ya mchicha, au kipande cha papa mkavu kinavyofanya kwenye mchuzi wa nazi. Hakuna anayeshiba kwa kile kipande, lakini ukikitoa, chakula kimepwaya. Bekoni ni hivyo hivyo. Ni nyama ya nguruwe, mara nyingi ya tumbo, iliyokaa kwenye chumvi, sukari kidogo na naitraiti ya sodiamu (ndiyo inayoiachia ile rangi ya waridi hata ikipikwa), halafu mara nyingi ikapitishwa kwenye moshi. Kwa hiyo unapofungua paketi unashika vitu vitatu kwa pamoja: mafuta, chumvi na moshi. Sasa jiulize ni vyakula gani vya nyumbani kwetu vinavyolilia vitu hivyo vitatu. Kabichi. Maharage. Viazi. Makande. Ndizi za kupika. Yaani karibu kila tunachokula usiku.

Slesi nne zinatosha sufuria ya watu sita. Sisemi hivyo kwa ubahili. Ukizidisha, chumvi inakushinda na kila kitu kinakuwa na ladha moja.

Kwanza kabisa, namna ya kuikaanga, kwa sababu wengi wanaiharibu hapa.

Ikate ikiwa baridi sana, ikiwezekana imekaa kwenye friza dakika kumi na tano, maana bekoni yenye joto inateleza chini ya kisu. Vipande viwe na upana wa kidole. Viweke kwenye kikaango KIKIWA BARIDI, ndipo uwashe moto, tena mdogo. Ukivitupa kwenye kikaango kilichoshika moto, nje vinababuka na kujikunja, na mafuta yanabaki ndani. Ukianzia baridi, mafuta yanayeyuka taratibu na kutoka karibu yote. Wenye majiko ya mkaa, punguzeni makaa au yasogezeni pembeni. Unaweza pia kutia vijiko viwili vya maji mwanzoni ili visishike chini. Maji yatakauka yenyewe.

Halafu sikiliza. Mwanzo kikaango kinapiga kelele kwa sababu ya maji yaliyo ndani ya nyama. Baadaye kelele inapungua. Sehemu nyeupe inaanza kuwa kama kioo, kisha inachukua rangi ya asali kuanzia pembeni. Mwishoni mafuta yanatoa povu jeupe, jepesi, linalofunika vipande. Ukiona lile povu usiende popote, usishike simu. Umebakiwa na nusu dakika hivi kabla havijaungua. Epua, vitoe kwa kijiko chenye matundu, viweke kando.

Yale mafuta yaliyobaki ndiyo mali yenyewe. Vijiko viwili vya chakula vibaki kwenye kikaango, ndivyo utakavyopikia. Ya ziada yachuje kwenye chupa ya kioo, funika, weka kwenye friji. Ila tafadhali msiyamwage kwenye sinki. Jiko moja nililofanyia kazi tulikuwa tunayasukuma na maji ya moto kila asubuhi, tukidhani yameenda. Yalikuwa yanaganda mbele kidogo ndani ya bomba. Siku moja maji machafu yalirudi juu wakati wageni arobaini wanasubiri chakula cha jioni, tukaosha vyombo uani kwenye ndoo mpaka saa sita usiku.

Sasa kabichi, ambayo ndiyo nimemwambia shemeji aanze nayo.

Nusu kabichi ya wastani, ikate nyembamba. Kitunguu maji kikubwa kimoja, karoti mbili, hoho moja, punje tatu za kitunguu saumu. Bekoni yako slesi nne umeshaikaanga na kuitoa. Kwenye yale mafuta tia kitunguu maji, kilainike bila kuungua, na hapo kwangua chini kwa mwiko ule utandu wa kahawia uliogandia, una ladha kuliko kiungo chochote cha dukani. Tia kitunguu saumu, kisha karoti na hoho, kisha kabichi. Moto uwe mkali sasa. Geuza kwa dakika tano au sita, kabichi ibaki na ukakamavu wake. Pilipili manga ya kutosha. Chumvi usiweke mpaka uonje. Mara nyingi haihitajiki kabisa. Epua, kamulia nusu ndimu, ndipo unyunyize vipande vya bekoni juu. Vikiingia mapema vinalowa. Ndimu usiiache, kwa sababu mafuta ya bekoni yanaganda mdomoni, na ule uchachu ndio unaoyasafisha.

Ugali wa moto pembeni. Mimi na watoto wanne na mama yao tunashiba, na katika sahani ya kila mmoja nyama yenyewe haizidi vipande vitano vidogo.

Maharage ni tofauti kidogo. Kule kwenye kabichi tulitaka vipande vikavu. Kwenye maharage tunataka moshi uingie kwenye mchuzi, kwa hiyo bekoni inabaki ndani ya sufuria tangu mwanzo wa kuunga. Chemsha maharage yako yaliyolala kwenye maji usiku kucha, mimi napenda yale ya njano kwa sababu yanatoa mchuzi mzito, yaive mpaka yanapondeka kwa vidole, BILA chumvi. Kaanga slesi tatu za bekoni kama nilivyosema, usizitoe, tia kitunguu, nyanya mbili zilizoiva sana, mdalasini hapana, hapa hatutaki viungo vya pilau. Weka tu pilipili manga na kitunguu saumu. Nyanya zikishapikika na mafuta yakajitenga, mwaga maharage pamoja na maji yake. Ponda upawa mmoja kwenye ukingo wa sufuria. Acha ichemke taratibu robo saa. Onja, ndipo ufikirie chumvi.

Nazi siweki kwenye maharage ya bekoni. Najua kuna watakaobisha. Mafuta juu ya mafuta, na moshi unaiua nazi.

Viazi nilifundishwa na wageni Wajerumani, ambao walikuwa wanaviomba kwa jina lake, Bratkartoffeln. Siri yao ni kwamba viazi vichemshwe JANA na vilale kwenye friji. Leo unavikata duara, unavipanga kwenye mafuta ya bekoni na kitunguu, na unavumilia bila kuvigeuza mpaka upande mmoja uwe wa dhahabu. Unageuza mara moja tu. Bekoni inarudi mwisho. Kwa kachumbari ya tango na siki, hicho ni chakula cha jioni kamili.

Nimechoka kuandika, na nyinyi mnazo zenu. Karibuni tujuzane.

Kaka wa Geto

Mkuu umeandika kwa moyo. Mimi ni bachela, nina jiko moja la gesi la mtungi mdogo na friji isiyo na friza. Bekoni nikinunua lazima niimalize wiki hiyo hiyo. Kabichi nimeelewa. Kingine cha sufuria moja?

Mpishi wa Karatu

Mdogo wangu, wewe una chakula chako tayari: zege. Chipsi mayai. Kaanga bekoni slesi mbili kwenye kikaango, acha mafuta, panga chipsi zako za jana au hata za kununua pale kona, zipate moto na zishike mafuta. Mwagia mayai matatu yaliyopigwa na kitunguu na hoho, bila chumvi. Funika, moto mdogo, geuza kwa sahani. Slesi mbili tu na utaona.

Au tambi na nyanya. Kuna mji Italia unaitwa Amatrice, ule uliopigwa na tetemeko la ardhi Agosti 2016, ambao umeipa dunia mchuzi wa tambi unaoitwa amatriciana. Wao wanatumia nyama ya shavu la nguruwe iliyokaushwa kwa chumvi, inaitwa guanciale, nyanya, na jibini la maziwa ya kondoo. Bekoni si guanciale, ina moshi ambao ile haina, lakini mwendo ni ule ule: nyama inatoa mafuta kwanza, nyanya zinaingia kwenye mafuta hayo, zinapikwa mpaka zikolee, tambi zinamalizikia humo humo na kikombe cha maji yake. Chemsha tambi kwanza kwenye sufuria hiyo moja, weka kando na maji yake kidogo, kisha pika mchuzi. Ukipata jibini la kukwangua, vizuri. Usipopata, pilipili kichaa kidogo inatosha.

Dada wa Kitengela

Hamjambo ndugu zetu wa Tanzania. Hapa kwetu bekoni tunaweka kwa githeri, ile nyinyi mnaita makande. Lakini nimeandika kwa sababu nyingine. Mamangu alizaliwa karibu na Uplands, upande wa Limuru, na babu alifanya kazi kwa kile kiwanda cha bekoni cha wakoloni. Nyumbani tulikua tukisikia habari mbili za Uplands. Moja ni ya mgomo wa 1947, wakati wafanyakazi waliweka kazi chini na polisi wakawafyatulia risasi, watu wakafa. Babu aliisimulia akiwa ameinamisha kichwa, na hakupenda kuulizwa maswali.

Ya pili ni ya chakula. Bekoni nzuri ilienda kwa Wazungu na kwa meli. Cha kurudi nyumbani kilikuwa zile ncha, vipande vya pembeni ambavyo havikatiki sawasawa, mafuta mengi na ngozi. Nyanya, yaani bibi yangu, alikuwa anavikata vidogo sana, anaviyeyusha kwa sufuria ya chuma, halafu anaangushia waru (viazi) na kabichi. Mlo wa watu tisa. Mama bado anapika hivyo na bekoni ya supermarket, na bado anaikata vidogo vile vile kana kwamba ni ya kugawia watu tisa, ingawa tumebaki wawili nyumbani. Nimesoma hapo ulipoandika "ihesabu kama kiungo" nikamkumbuka nyanya.

Mpishi wa Karatu

Dada, asante sana. Mungu awalaze pema wazee wetu. Nimeisoma kwa sauti hapa nyumbani na mke wangu kaacha alichokuwa anafanya.

Kwa kweli hiyo ndiyo namna ya zamani ya watu wengi. Aliyeshika kipande kidogo ndiye aliyejifunza kukipikia. Na umenikumbusha jambo: bucha zinazokata bekoni zenyewe huwa na hizo ncha, na zinauzwa rahisi kuliko slesi nzuri. Kwa makande au githeri ncha ni bora zaidi, kwa sababu zina unene, zinabaki zikionekana baada ya kuchemka. Waulizeni wauzaji wenu.

Mbeba Boksi

Salamu kutoka Birmingham. Mkuu, huku Uingereza bekoni nyingi si ya tumbo, ni ya mgongo. Ina duara kubwa la mnofu na mkia mdogo wa mafuta. Nikifuata maelezo yako ya kikaango baridi haitoi mafuta ya kutosha, inakauka tu kama ngozi. Nafanyaje? Nikitoka zamu ya usiku sina nguvu ya kupika vitu vingi.

Mpishi wa Karatu

Uko sahihi kabisa, na nilipaswa kusema mwanzoni. Bekoni ya tumbo, ile yenye mistari, ndiyo ya Marekani na ndiyo nyingi hapa kwetu kwenye paketi za hoteli. Ya mgongo ina mafuta machache, kwa hiyo itendee kama mnofu: kijiko kimoja cha mafuta ya kula, moto wa wastani, dakika mbili kila upande, usiikaushe. Ikate vipande vikubwa kidogo. Inafaa sana kwenye wali wa kukaanga wa jana: kitunguu, njegere, karoti, wali uliolala, mayai mawili, bekoni mwisho. Wali uwe wa jana kweli, wa leo unashikana. Dakika kumi umemaliza, ukalale.

Au huko waulizie ile yenye mistari, dukani ipo pembeni ya hiyo ya mgongo.

Mama Watatu, Houston

Mimi nimefika Marekani nikijua sukuma wiki ni yetu peke yetu. Jirani yangu, mama mtu mzima aliyetoka Louisiana, akanikuta nimeleta majani kutoka sokoni akacheka kwa furaha: "Collards!" Ni ukoo mmoja kabisa na sukuma yetu. Watu weusi wa kusini huku wanayapika saa nzima au zaidi, na nyama ya nguruwe ya moshi au bekoni, kitunguu, siki na pilipili, mpaka yanalainika, na ule mchuzi wake wanauheshimu, wanauchovyea mkate wa mahindi. Mimi nilizoea kukaanga sukuma dakika tatu. Siku ya kwanza nikaona ameziua mboga. Nilipochovya ugali kwenye ule mchuzi nikanyamaza.

Sasa Jumamosi napika hivi: bekoni slesi nne, kitunguu, sukuma mafungu mawili yaliyokatwa mapana, maji vikombe viwili, dakika arobaini moto mdogo, siki kijiko kimoja mwisho. Ugali. Watoto wangu waliozaliwa huku wanakula mboga za majani bila kusukumwa.

Mpishi wa Karatu

Mama, hii sikuijua. Naijaribu na figiri pia, ule uchungu wake nadhani utapatana na moshi.

Bint Tanga

Asalaam aleikum. Samahanini, mimi si mlaji wa nguruwe, nimeingia kwenye uzi kwa sababu duka la karibu yangu limeanza kuleta bekoni ya ng'ombe yenye alama ya halali. Nimenunua, nimekaanga kama picha za mtandaoni, imekuwa ngumu. Je, haya maelezo yanafaa kwa hiyo?

Mpishi wa Karatu

Waaleikum salaam dada yangu, karibu sana, na huna haja ya kuomba samahani.

Bekoni ya ng'ombe inafaa karibu kwa yote niliyoandika, kwa mabadiliko mawili. Moja, mafuta yake hayatoshi kupikia, kwa hiyo anza na kijiko kimoja au viwili vya mafuta ya kula kwenye kikaango baridi. Pili, inaiva upesi na ikipitiliza inakuwa ngumu kama ulivyoona. Itoe ikiwa bado inapinda, itaendelea kukauka ikiwa kwenye sahani. Kwa maharage ni nzuri kabisa, pengine ni nzuri kuliko ya nguruwe, kwa sababu mchuzi hauwi na mafuta mazito. Ipo pia ya bata mzinga, hiyo ni kavu zaidi. Itie kwenye mchuzi, usiikaange peke yake. Chumvi ni ile ile, onja kwanza.

Na hapa niseme na wenzangu tunaokula nguruwe. Kiungo kinajificha. Nyama ya kuchoma mgeni anaiona, lakini kabichi iliyokaangwa kwa mafuta ya bekoni inaonekana kabichi. Ile chupa ya mafuta kwenye friji inafanana na mafuta yoyote yaliyoganda. Iandikeni. Mimi nina kikaango chake, mwiko wake na ubao wake, na jirani zangu Waislamu wakija kula kwangu hivyo vyombo havitoki kabatini. Mtu anapokula kwako kwa kukuamini, amekukabidhi kitu kikubwa.

Mdau wa Afya

Uzi mzuri, lakini mbona hamsemi madhara? Mwaka 2015 shirika la utafiti wa saratani la WHO liliweka nyama zilizosindikwa, bekoni ikiwemo, kwenye kundi la vitu vinavyojulikana kusababisha saratani kwa binadamu.

Mpishi wa Karatu

Ni kweli, na umefanya vizuri kulileta. Ni IARC, Oktoba 2015. Walisema kila gramu 50 za nyama ya kusindika zinazoliwa kila siku zinaongeza hatari ya saratani ya utumbo mpana kwa asilimia 18 hivi. Neno kubwa hapo ni KILA SIKU. Ndiyo maana siitaki mezani kila asubuhi, na nawaambia watu wa presha waiangalie kwa sababu ya chumvi. Slesi nne za gramu 25 ni gramu 100 ikiwa mbichi. Gawa kwa watu sita, ni gramu 16 au 17 kwa mtu, mara moja kwa wiki au wiki mbili. Kwangu sivuki hapo, na mwenye daktari wake amsikilize daktari wake.

Kuna na lingine: kuwekwa chumvi na moshi hakuifanyi bekoni kuwa imeiva. Nyingi inauzwa mbichi. Isiliwe bila kupikwa vizuri, na mikono na ubao vioshwe kabla ya kukata kachumbari.

Fundi Friji

Naomba kuongeza upande wangu maana watu wengi wananiita friji ikiwa salama, tatizo ni umeme kukatika. Paketi iliyofunguliwa ikae siku saba tu, na friji iwe na baridi ya nyuzi 4 au chini. Umeme ukikatika usifungue mlango kuchungulia. Friji iliyofungwa inashika baridi kwa muda wa saa 4 hivi. Friza iliyojaa inaweza kushika siku mbili, iliyojaa nusu siku moja.

Mpishi wa Karatu

Asante fundi. Nami naongezea namna ya kuiweka friza: usiitupe paketi nzima, itaganda kama tofali na utalazimika kuiyeyusha yote. Panga slesi nne nne, katikati weka karatasi ya kuokea au nailoni safi, zikunje, zifunge, andika tarehe. Ukitaka kupika unatoa fungu moja na unalikata likiwa bado limeganda, tena linakatika vizuri zaidi. Mwezi mmoja imalize, ikizidi hapo mafuta yake yanaanza kuchacha ladha. Ikiteleza kama ina utelezi wa bamia, ikinuka uchachu, au rangi ikageukia kijani au kijivu, itupe, usijaribu kuiokoa kwa pilipili.

Shem wa Dar

Shem, ni mimi. Nimepika kabichi. Niliweka slesi sita kwa sababu sikuamini nne, ikawa na chumvi, nikaongeza kabichi yote iliyobaki na karoti, ikakaa sawa. Baba mkwe alikuwepo, amekula ugali mara mbili na ameuliza kabichi hii nimenunua wapi. Watoto wamegombania vile vipande vya juu. Paketi ya pili nimeifunga nne nne kama ulivyosema. Nina chupa ya jemu nusu imejaa mafuta na nimeibandika karatasi. Yanafanya nini haya?

Mpishi wa Karatu

Hongera sana shem, na msalimie mzee. Hayo mafuta kesho chukua kijiko kimoja, kaangia kitunguu cha maharage. Bekoni yenyewe usiweke. Maharage yaloweke usiku huu kabla hujalala.